Siku Mshale wa Spidi Ulipoanguka

Juzi binti yangu aliniuliza kutoka kiti cha nyuma: "Baba, gari linajuaje kwamba sasa ni wakati wa kubadili gia?" Nikaanza kumweleza habari za sensa na kompyuta, lakini kabla sijafika mbali yeye alishahamia swali jingine. Mimi nilibaki na la kwanza, kwa sababu miaka ile gari la shangazi liliponea kwenye jibu la swali hilohilo.

Ni lile la viti saba, otomatiki ya gia nne, ambalo sote tulijifunzia kuendesha. Lilianza kugoma kwenye barabara kuu. Linaondoka vizuri, linapanda mpaka gia ya tatu, halafu ghafla linapiga mshtuko, injini inapandisha sauti, na gari linang'ang'ania gia ya pili hata ukanyage mafuta namna gani. Ukizima na kuwasha upya, linakwenda vizuri kabisa. Kisha linarudia. Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake ndogo ya kusoma makosa ya gari, ikaonyesha namba P0700, akasema giaboksi imekwisha, ishushwe na kufunguliwa. Shangazi akanipa ufunguo. "Mpelekee mjomba wako. Yeye akisema imekufa, nitakubali."

Mjomba hakukimbilia mashine. Aliniambia nilizungushe gari mpaka lipate moto, nilisimamishe mahali tambarare, niweke P, gia ya kuegesha, na kuacha injini ikinguruma taratibu. Oili ya giaboksi ya gari lile ilipimwa hivyo. Ukiipima ikiwa baridi, stiki, kile kijiti cha kupimia, inakudanganya. Akachomoa stiki, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena na kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Kiwango kilikuwa sawa. Wekundu ulikuwa umeanza kugeuka kahawia. Akanusa, kisha akasugua tone kati ya vidole viwili, polepole, akisikilizia chembechembe.

"Haijaungua," alisema. "Klachi zikiungua, harufu inakukuta kabla hujainama."

Nikamkumbusha ile P0700. Akatikisa kichwa. Namba hiyo, alinieleza, ni kompyuta ya giaboksi inaiambia kompyuta ya injini iwashe taa kwenye dashibodi, basi. Ni kama mgonjwa anayesema "naumwa" bila kutaja anapoumwa. Kosa lenyewe linakuwa limeandikwa ndani ya kompyuta ya giaboksi, na mashine nyingi ndogo hazifiki huko. Yake ilikuwa inafika, lakini siku hiyo alikuwa ameiazimisha. "Twende barabarani," akasema. "Wewe endesha, mimi nitatazama."

Nilidhani atatazama barabara, au atainamisha sikio kusikiliza giaboksi. Hapana. Alifunga mkanda, akajigeuza upande wangu, akakaza macho kwenye dashibodi. Tulipoiacha kona ya mwisho nikaongeza mafuta. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote laini. Mshale wa spidi ulipofika 60 ukaanza kutetemeka. Ukatulia. Ukatetemeka tena, safari hii kwa nguvu, halafu ukaanguka wote mpaka sifuri. Gari lilikuwa bado linakwenda, miti inapita pembeni, upepo unaingia dirishani, lakini dashibodi inasema tumesimama. Mjomba aliinua kidole. Hakusema neno. Kidole kikiwa bado hewani, gari likapiga ule mshtuko na kushuka gia ya pili.

"Kipi kimetangulia?"

"Mshale, mjomba."

"Zima, washa, turudie."

Tukarudia. Mshale kwanza, mshtuko baadaye, kwa mpangilio uleule.

Tukiwa tumeegesha pembeni ndipo aliponifafanulia. Giaboksi ile ina sensa mbili za kasi: moja inasoma mzunguko unaoingia kutoka injini, nyingine unaotoka kwenda magurudumu. Kompyuta inazilinganisha ili ijue gia iliyoiita ndiyo iliyoshika, na lini iite nyingine. Kwenye gari lile, hata mshale wa spidi ulilishwa na sensa ya pili. Klachi zingekuwa zinateleza, injini ingepaa peke yake lakini mshale usingekwenda sifuri gari likiwa mwendoni. Sensa ikinyamaza, kompyuta haijui tena kinachotokea ndani, kwa hiyo inajilinda: inakata umeme wa solenoidi, vali za umeme zinazobadili gia, na kukuachia gia ya pili ufike nyumbani.

Mashine iliporudi ilitupa P0720, kosa la sensa ya kasi inayotoka. Tukaifungua kwa spana, tukaweka mpya, tukasafisha pini za plagi zilizokuwa na kutu ya kijani. Gari likapanda mpaka ya nne na kukaa huko.

Ningependa kuishia hapo. Lakini baadaye, asubuhi za baridi, R, gia ya kurudi nyuma, ilianza kuchelewa: unaweka, unasubiri, kisha inashika kwa kishindo. Oili ilikuwa kiwango kilekile. Safari hii mjomba hakutafuta sensa. Sili za ndani, mipira inayozuia oili isivuje, zikikakamaa kwa uzee, alisema, presha ya oili inachelewa kujengeka, na hiyo haina njia nyingine ila kufungua.

Shangazi akamtazama. "Kwa hiyo yule fundi wa kwanza alikuwa sahihi?"

Mjomba alichukua muda kujibu. "Giaboksi ilikuwa imezeeka, ndiyo. Lakini yeye hakuipima."

Jibu hilo halikumridhisha shangazi, na kwa kweli mimi bado nalipima. Kama giaboksi ingeshushwa siku ile, huenda sili zingebadilishwa mapema na R isingesumbua kamwe. Lakini ile sensa imefungwa kwa nje, na aliyeamini ugonjwa uko ndani angeirudisha mahali pake ilivyo. Shangazi angelipia kazi yote ile, angeingia barabara kuu akiwa na imani, na akifika 60 mshale ungeanguka tena.