Jibu refu ndilo lako, mwalimu

Somo langu la kwanza la mtandaoni kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii lilikuwa na slaidi 40 na maswali mwishoni. Karibu wote walifaulu. Wiki chache baadaye, nikiwa kijijini, nikamkuta mmoja wao akimwonyesha mama namna ya kuchanganya ORS, ile dawa ya unga inayotiwa kwenye maji kwa ajili ya anayeharisha: paketi ya lita moja, chupa ya maji ya nusu lita. Nilipomuuliza kiasi cha maji, akajibu bila kusita, "Lita moja." Kumbe anajua. Ila chupa iliyokuwepo nyumba ile ilikuwa ya nusu lita.

Slaidi nikaziweka kando, nikaanza kuandika kisa chenye matawi kwa Twine: msomaji anachagua la kufanya, na kila chaguo linampeleka njia yake. Ni programu ya bure, na kisa chako kinatoka kama faili moja la HTML. Unamrushia mtu kwenye simu, anafungua kwenye kivinjari hata kama bando limekata. Kwa watu wangu hilo lina thamani kuliko katuni za kupendeza.

Tamaa ikaniponza mapema. Kila hatua niliipa njia tatu, na kila njia ikazaa nyingine tatu. Hatua tano tu, miisho 243! Nikajifunza kuziacha njia zitengane kidogo, kisha zikutane. Uulize usiulize mtoto ameharisha mara ngapi, utafika kwenye kuchanganya ORS, ila aliyeuliza anafika akiwa na habari ambayo mwenzake hana.

Kilichonitoa jasho ni majibu yenye makosa. Niliyoyatunga mezani yalikuwa ya kitoto. Nani atachagua "Mwambie mama asifanye chochote"? Nikawapigia wauguzi wawili wa zahanati kuwauliza wanasikia nini kwa akina mama. Hapo ndipo nilipompata bibi wa kisa changu: "Mwanangu, tumbo linaloharisha hupumzishwa. Asinyonye kwanza." Sasa utampingaje bibi mbele ya mkwewe? Njia nzuri ya kutokea pale inaanza na shikamoo, halafu ndiyo unamweleza kwa nini mtoto aendelee kunyonya.

Mrejesho nao niliubomoa. Mwanzoni kila kosa lilipigwa maandishi mekundu, "Si sahihi." Siku hizi ukichanganya kwenye chupa ya nusu lita hakuna anayekukemea, kisa kinaendelea. Kurasa mbili mbele, simu inaita: "Daktari, mtoto hashibi maji, na kuharisha ndiyo kumezidi." Unaulizwa ulitumia chupa gani, ndipo maelezo yanakuja kwamba dawa ikiwa nzito kupita kiasi huvuta maji kuyaingiza kwenye utumbo badala ya kuyarudisha mwilini. Vidonge vya zinki, ambavyo mtoto anayeharisha hupewa pamoja na ORS, hivyo hivyo. Siku ya tatu mama anakwambia kuharisha kumekata, vidonge vilivyobaki kamwekea mdogo wake. Utanyamaza, au utamweleza kwamba mtoto anatakiwa avimeze angalau siku 10?

Kwenye dalili za hatari sikusubiri kurasa mbili. Mtoto amelegea, hanyonyi wala hanywi: ukichagua abaki nyumbani uone ataamkaje kesho, kisa kinasimama palepale na kukwambia ni rufaa, apelekwe kituo cha afya sasa hivi. Sikutaka mtu aondoke akidhani hapo pana muda wa kujaribu.

Kabla ya kukisambaza niliketi na wahudumu sita, nikajizuia kuwasaidia. Mmoja alipita chote bila kosa, tena mbio mbio. Nikamuuliza siri yake.

"Jibu refu ndilo lako, mwalimu."

Nikakagua, na kweli. Majibu sahihi nilikuwa nimeyapamba kwa "kwa upole", "kwa lugha rahisi", na yale mengine nimeyaacha maneno manne manne. Usiku ule nilikaa nikiyapunguza. Kesho yake nikampa tena simu, nikiwa nimempangia mtoto mwingine mwenye hali tofauti. Akakosea mara tatu, akacheka, akarudi mwanzo, akachagua chupa ya nusu lita kwa makusudi. Alitaka kusikia mama atapiga simu kusema nini.