Mbwa Mkali au Mbwa Mkweli: Uzoefu Wangu na Terria, Muheza

Hapa Muheza ukiwa na mbwa wa panya, kila anayekuja kumtazama ana swali lake. Mmoja atauliza anaua wangapi kwa siku. Mwingine atauliza kama anaingia shimoni. Wa tatu atakwambia umepoteza hela, mbwa wa kienyeji angetosha. Nimeyasikia yote, na nimefanya kazi na mbwa wa namna zote hizo, na msimamo wangu ni huu: kwa kazi yetu ya huku, sifa ya kwanza ya terria, yaani mbwa wa mbegu za kuja zilizotengenezwa kufuata wanyama wa mashimoni, si ukali, ni ukweli. Akisimama kwenye tundu na kukuonyesha kuwa panya yumo, basi awe yumo.

Nina ghala la mahindi na chakula cha kuku kando ya barabara ya kwenda Tanga, na nyuma yake shamba la mahindi, muhogo na michungwa. Adui mkubwa ni panya shamba, yule mdogo wa kahawia. Jike wake ana chuchu hata 24, mimba yake ni ya wiki tatu na siku chache, na kuzaa kumi au zaidi kwa mkupuo ni kawaida yake. Masika yakiwa mazuri na chakula kikawa kingi, wanaongezeka mpaka usiku ghala zima linachakarika. Mahindi yakishavunwa na shamba kubaki tupu, wanahamia ndani, na humo wanawakuta panya weusi wa darini, wale wanaopanda kuta.

Sumu niliitumia, nikaiacha. Chakula cha kuku kipo palepale, watoto wa vibarua wanacheza palepale, na sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, kwa hiyo panya hafi papo hapo. Anazurura siku kadhaa akiwa mlegevu. Bundi au paka akimla, naye anadhurika. Mbwa vilevile. Anayetaka kufuga terria huku anaweka sumu kwenye ghala hilohilo, nitamwambia achague kimoja.

Jike wangu wa kwanza, terria wa aina ya Jack Russell, mweupe mwenye kahawia usoni, nilimtoa Arusha. Ami yangu alipomwona alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huyu ni wa kupakata. Mbwa ni yule anayeng'ata asiachie." Ami ana dume lake chotara, kichwa kipana, shingo nene, mlinzi wa muhogo dhidi ya nguruwe, na anampenda kwa dhati. Upande wa pili yupo mzee mmoja jirani yetu, mstaafu wa shamba la mkonge, ambaye ujanani alitunza mbwa wa meneja. Yeye alimshika jike wangu kifuani kwa mikono miwili, akamgeuza, akamtazama meno, akaridhika. "Bwana mdogo," akaniambia, "mbwa anayeng'ata kila kitu hazeeki."

Wote wawili nawaheshimu, na kwa muda mrefu nilikaa katikati yao nikisikiliza.

Ubishi huo una asili kulekule walikotoka mbwa hawa. Kasisi John Russell wa Devon, Uingereza, alinunua jike aliyeitwa Trump mwaka 1819, wakati akisoma Oxford, na mbegu inayobeba jina lake huhesabiwa kuanzia kwa jike huyo. Russell aliwinda mbweha akiwa juu ya farasi, na kundi la mbwa wakubwa wa mbio likiwa mbele. Mbweha akijificha shimoni, terria alitumwa chini amkere kwa kubweka mpaka atoke, mbio ziendelee. Terria aliyemuua mbweha humo ndani alikuwa amewaharibia watu siku. Kaskazini, kwenye milima ya mawe ya Lake District, ilikuwa kinyume. Huko mbweha ni mla kondoo wachanga, mfugaji anamtaka amekufa, na pango la mwamba huwezi kulichimba kwa jembe. Ndiko walikotoka Lakeland na Patterdale, mbwa wanaotumwa kumaliza kazi gizani peke yao. Border, wa mpakani mwa Uingereza na Uskoti, alipewa miguu mirefu kidogo aweze kufuatana na farasi, lakini kifua chembamba apite anakopita mbweha. Mpaka leo anapimwa kwa viganja viwili vinavyozunguka kifua nyuma ya mabega. Nilipomwona mzee akimshika jike wangu vile, sikujua alikuwa anafanya kipimo hichohicho, alichojifunza kwa meneja wake.

Airedale wa Yorkshire ni mkubwa mno kuingia tundu la mbweha. Kazi yake ilikuwa kandokando ya mito, kwa fisi maji na panya wa majini. Wajerumani nao, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakatengeneza Jagdterrier, mbwa mweusi mwenye moyo wa kumkabili hata nguruwe mwitu.

Ukiyaangalia haya kwa utulivu, utaona kila anayesema "terria wangu ndiye terria" yuko sahihi pale mbwa wake alipotengenezewa. Mnyama alikuwa yupi, ardhi ilikuwa ya namna gani, na mwenye mbwa alitaka mnyama atoke au afe. Hayo ndiyo yaliyowapa tabia zao. Kwa hiyo sisi wa Muheza tunapochagua, swali letu lianzie kwenye tundu la Muheza.

Na tundu la Muheza lina jambo ambalo Russell hakulijua. Kwao nyoka wa asili mwenye sumu ni wa aina moja tu. Kwetu panya wanapozidi, nyoka wanawafuata, na shimo lililochimbwa na panya buku leo linaweza kuwa na swila kesho. Moma naye hujilaza kwenye majani makavu pembeni ya tundu, hakimbii, anasubiri akanyagwe. Mbwa anayeingiza kichwa chote kwa hasira anaingia bila macho. Ndiyo maana kwangu hakuna mbwa anayeingia shimoni hata kama anaenea. Tunachimba sisi, kwa jembe na buti, mbwa anasimama nje. Ami aliliona hilo kama kumharibu mbwa. Mimi naona ndiyo sababu mbwa wangu wanazeeka.

Niliwahi kumleta Jagdterrier wa rafiki anayefanya kazi na wawindaji wa kitalii, nione tofauti. Mbwa yule ana moyo ambao sijauona kwa mwingine. Lakini ghalani alipasua magunia kumfuata panya mmoja, na wakati ameng'ang'ana na huyo, wengine wengi walipita nyuma yake. Alizaliwa kwa mnyama mmoja mkubwa anayepaswa kushikiliwa. Panya hawaji mmoja. Kazi ya panya inataka mbwa wa kubana, kutikisa, kuachia, na kugeuka kwa anayefuata kabla wa kwanza hajagusa chini.

Dume la Ami nalo lilikuja, kwa heshima yake. Linaua vizuri, siwezi kulinyima sifa hiyo. Tatizo lake ni kwamba linasimama kwenye kila tundu. Linafukua kwa nguvu, linalia, mate yanatoka, vijana wanachimba mpaka mikono inawaka, na ndani hakuna kitu ila harufu ya jana. Kuchimba tundu tupu wakati wa jua kunaua hamu ya watu, na ukiwarudisha mara ya pili kwenye tundu la uongo, mara ya tatu hawachimbi hata kama kweli yumo.

Jike wangu alikuwa tofauti, na ningependa uone anavyofanya. Anapita kwenye tuta pua ikiwa chini, haraka, kama hajali. Matundu manne anayaruka. La tano anasimama. Anarudi hatua moja, anaingiza pua tu, anavuta pumzi mara mbili, tatu, anatoa. Kisha anainamisha kichwa upande, sikio moja juu, mguu wa mbele umeinuliwa. Mkia, ambao muda wote ulikuwa ukipepea, unakaza na kutetemeka ncha tu. Habweki. Anakutazama, anatazama tundu. Hapo ndipo namwambia kijana aweke jembe, si juu ya tundu, bali hatua moja na nusu mbele, tukate njia, kwa sababu tundu la panya shamba halikosi mlango wa pili. Na jike bila kuambiwa anazunguka kuutafuta mlango huo.

Sifa hiyo hainunuliwi kwa cheti cha ukoo. Mbwa anazaliwa nayo kidogo, na nyingine anafundishwa. Mbwa mchanga simpeleki shambani mpaka awe amekaa na mkubwa na kumwona anavyofanya. Akisimama kwenye tundu tupu, simsemeshi, simpigi, namwondoa tu kwa kamba tunaendelea. Akisimama penye panya, tunachimba hapohapo na anampata yeye mwenyewe. Anajifunza kwamba ukweli ndio unaolipa. Mfugaji anayeshangilia kila mbwa anapofukua anamfundisha uongo kwa mdomo wake mwenyewe.

Ghalani hatukimbizi. Tunaanza asubuhi, tunafungua mlango mmoja tu, magunia tunayahamisha safu kwa safu kutoka ukutani. Jike anakaa upande wa ukuta, mbwa wawili wa kienyeji wako kwenye uwazi. Hapa namuunga mkono yule anayesema mbwa wetu wa kienyeji wasidharauliwe: wana miguu, wana akili, wanavumilia joto, na panya akishatoka kwenye uwazi hakuna terria atakayewashinda kumkata njia. Wanachokosa ni uvumilivu wa kukaa kimya kwenye ufa. Terria anawaambia wapi, wao wanamaliza. Tulipoanza kazi kwa mpangilio huo, na kuinua magunia juu ya mbao badala ya kuyalaza sakafuni, hasara ilipungua mpaka mke wangu akaacha kunihimiza nirudi kwenye sumu.

Afya ya mbwa wa kuja ni mtihani mwingine. Mbung'o wapo maeneo ya Handeni na Pangani, na ugonjwa wa nagana unawapiga mbwa vibaya, hasa waliotoka sehemu za baridi. Tanga mjini kuna kituo cha utafiti wa mbung'o tangu zamani, si bure. Kupe nawakagua kila jioni: masikioni, katikati ya vidole, chini ya mkia. Chanjo ya kichaa kila mwaka, na chanjo ya homa ya leptospira, inayotoka kwenye mkojo wa panya na kuwapata watu pia. Kwa hiyo vijana wanavaa glavu na buti, na panya waliokufa tunawazika kirefu. Sisi wa mkoa huu hatuhitaji kuhubiriwa kuhusu viroboto wa panya. Tauni iliwatesa ndugu zetu wa Lushoto tangu 1980, na miaka mingi baadaye.

Kuna pia suala la dini, na silipiti juujuu kwa sababu jirani zangu wengi ni Waislamu kama mimi. Mbwa wangu hawaingii nyumbani. Wana banda lao nyuma ya ghala, vyombo vyao, na nguo za kazi zinabaki hukohuko. Akilamba chombo, tunaosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Na mwenye kuniuliza kwa nini nifuge, namkumbusha kwamba aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inawataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na mbwa wa shamba na wa mifugo wameruhusiwa katika hadithi. Tangu nilipoeleza hivyo kwa adabu, na kuonyesha banda lilivyo, manung'uniko yameisha.

Neno moja kwa vijana wanaoniletea mbwa wao wakitaka twende porini: siendi. Kuwinda wanyamapori bila leseni ni kosa kwa sheria ya 2009, na huko Uingereza kwenyewe sheria ya mwaka 2004 ilipiga marufuku kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa, ila panya wakaachwa nje ya katazo. Panya wanatosha. Mwenye mbwa mzuri wa panya ana kazi mwaka mzima na haombi radhi kwa mtu.

Jike sasa amezeeka, meno ya mbele yamekwisha, lakini bado anaonyesha na wengine wanaua. Nimempandisha binti yake kwa dume la kienyeji la jirani, fupi, la kahawia, ambalo nimelitazama msimu mzima na halijasimama kwenye tundu la uongo. Watoto watakuwa na manyoya mafupi kwa joto letu, na Mungu akijaalia, pua ya bibi yao. Anayetaka mtoto simpi kwa simu. Aje siku ya kazi, amwone mama akifanya, achimbe mwenyewe pale anaposimama. Ami ameshasema anataka dume, naye ataanza kwa kushika jembe.