Ngumi na bega la kushoto: wiki ya 1 hadi ya 14

Kabla ya kuanza
Bega lilichomoka mara ya kwanza nilipoanguka na bodaboda huku Temeke, barabara imelowa, mkono ukatangulia. Likarudishwa. Likachomoka tena nikianika nguo, na mara ya tatu nikiwa usingizini. Daktari alinieleza kwa mfano wa kisosi: nyonga imekaa ndani ya bakuli, lakini bega ni mpira uliokaa juu ya kisosi, na kisosi changu kilikuwa kimechanika ukingo. Nikapasuliwa, ukingo ukashonwa. Wiki 6 mkono ulining'inia kwenye kitambaa shingoni, na miezi mingi sikuweza kujisuka nywele. Mwezi wa 11 baada ya upasuaji nikaruhusiwa kurudi michezoni taratibu. Nikachagua ngumi. Mama hakunisemesha siku mbili.

Wiki ya 1 hadi ya 3
Sijarusha hata ngumi moja. Mwalimu, mzee aliyewahi kupanda ulingoni, aliliangalia kovu, akaitikia shikamoo yangu, kisha akanipa kamba. Miguu tu. Viwiko karibu na mbavu, kamba izungushwe na viganja.

Usiku nafunga tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye nondo za dirisha. Nakunja khanga, naibana kwapani, kiwiko kinakaa ubavuni, halafu nauvuta mkono kwenda nje. Mara 15, mizunguko 3. Khanga ikidondoka, nimekosea.

Wiki ya 4 hadi ya 6
Mimi natumia mkono wa kulia, kwa hiyo kwa kawaida kushoto ndiko kunakokaa mbele na kurusha jebu nyingi, yaani ngumi fupi za moja kwa moja za mkono wa mbele. Tukajaribu kusimama kimashoto ili bega bovu lipumzike nyuma. Haikufaa. Mkono wa nyuma hurushwa mara chache, lakini hutoka mbali na kwa nguvu ya kiuno kizima, na bega lililalamika zaidi. Nimerudi msimamo wa kawaida.

Wiki ya 7
Hili ndilo jambo kubwa nililojifunza mpaka sasa. Nilidhani kitakachoniumiza ni kugonga begi zito la mazoezi. Kumbe ni kukosa. Ngumi ikifika, begi linaisimamisha. Ikipita hewani, misuli midogo ya nyuma ya bega ndiyo inayofunga breki peke yake, na yangu ilikuwa imelala karibu mwaka mzima. Ndiyo maana kupigana na kivuli, yaani kurusha ngumi hewani bila begi wala mtu, zoezi nililoliona jepesi kuliko yote, kuliniacha na maumivu hadi asubuhi. Sasa kwenye kivuli sinyooshi kiwiko mpaka mwisho, na neno la mwalimu ni lile lile kila raundi: "Mwanangu, usiwaze kupiga. Rudisha mkono."

Wiki ya 9
Siku mbaya. Nilijaribu ngumi iitwayo huku (hook), inayozunguka kutoka pembeni, nikaivuta kutoka mbali, kiwiko juu na mkono umebaki nyuma yangu. Huo ndio mkao bega linapopenda kuchomoka kwa mbele. Halikutoka, lakini nililisikia likitaka kutoka, na aliyewahi kupatwa na hilo anaijua baridi inayopita tumboni. Nikavua glovu nikilia, nikasema nimeshindwa.

Mwalimu akanisimulia habari za bondia wa uzito wa juu, Vitali Klitschko: Berlin, Aprili 2000, anapigana na Chris Byrd, anaongoza kwa pointi, kano za bega la kushoto zikachanika, akakaa kwenye kiti baada ya raundi ya 9 na mkanda ukaenda. Wengi walimwita mwoga. Akapasuliwa, akarudi, akawa bingwa tena. Nilitulia. Siku 10 sikugusa begi, nilibaki na tyubu tu.

Wiki ya 12 hadi ya 14
Raundi 4 za dakika 2, mapumziko dakika 1. Jebu, mkono wa kulia ulionyooka, apakati fupi (ngumi ya kutoka chini kwenda juu). Huku bado. Kupigana na mtu bado, na sina haraka nako. Asubuhi bega huwa zito, lakini haliumi.

Jumamosi mwalimu alinishikia padi, ile mito ya mkononi ya kulengea ngumi. Katikati ya raundi ya 3 akaanza kuiondoa kwa makusudi ngumi ikiwa njiani. Nilikosa mara tano au sita, na kila mara mkono ulirudi shavuni wenyewe kabla sijaufikiria. Hakusema kitu, aliongeza tu kasi.

Jumamosi ijayo mama anakuja kutazama. Ametaka kwanza nimhakikishie kwamba hakuna atakayenipiga.