Kucha zilizogoma kutoka

Saluni yangu iko Kampala. Kwa miezi kadhaa nilinunua maji ya akriliki, yale ya kutengenezea kucha za bandia, ya bei rahisi, chupa isiyo na lebo. Harufu yake, jamani, ilichoma macho! Siku moja mteja akaloweka vidole kwenye asetoni dakika 40, kucha za bandia zikagoma kulainika. "Dada, utaning'oa!" Nilipozikwangua kwa tupa, kucha yake halisi ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu.

Zilikuwa dalili zote za MMA (methyl methacrylate), kemikali inayoganda ngumu mno. Maji ya kitaalamu hutumia kemikali nyingine, EMA (ethyl methacrylate). Sasa nasoma lebo kwanza. Chupa isiyotaja viambato siigusi. Ya EMA ni ghali, ila kucha hulainika, nazitoa bila kuvutana. Tupa na pamba bado nanunua za bei rahisi.