Macho Manane kwenye Ukuta wa Walukuba

Shangazi yangu husuka tabaga, yale makawa ya rangi kali ya kufunikia chakula ambayo harusi ya Kinubi, yaani ya sisi Wanubi wa Uganda, haikamiliki bila hayo. Amesuka tangu usichana wake. Nyumba yake iko Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja, Uganda, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, ambako mtu wa Arua, wa Busoga na wa Kisumu wamekuwa wakisikilizana kwa Kiswahili miaka yote. Ndani ya nyumba hiyo Kinubi kilikuwa cha jikoni na cha siri. Mengine yote tuliyasema kwa Kiswahili.

Kwa wadudu, Shangazi hakuwa na huruma, na sikumlaumu. Babu alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la Owen Falls, lile lililozinduliwa mwaka 1954, na aliwahadithia wanawe habari za nzi weusi wadogo waliozaliana kwenye maji ya kasi ya Nile. Watu waliwaita mbwa, kwa jinsi walivyouma. Katika miaka hiyo ya 1950 serikali ilitia dawa ya DDT mtoni ili kuwamaliza. Baada ya mbwa wakabaki mbu, na mbu hawakuisha. Shangazi aliwahi kuuguza watoto wake wote malaria, mmoja baada ya mwingine, na kila Jumamosi alizunguka nyumba na ufagio mrefu akipangusa kila kilichotambaa ukutani. Mende, mbu, buibui, hakuchagua.

Wakati huo nilikuwa nasaidia kwenye studio ya picha za harusi mjini. Mwenye studio alikuwa na kamera ya zamani isiyotumika tena, akaniruhusu kuichukua mwisho wa wiki. Nilikuwa na lenzi ya milimita 28 ya kizazi cha nyuma, ile yenye pete ya kupunguza na kuongeza tundu la nuru kwa mkono, na pete ndogo ya chuma inayokuwezesha kuifunga lenzi kinyumenyume: mbele ikawa nyuma. Lenzi iliyotengenezwa kupokea mlima mzima na kuubana ndani ya kamera, ukiigeuza, inachukua kitu kidogo na kukitanua. Kwa lenzi ile fremu yote ilibeba upana wa milimita 12 hivi, basi. Huwezi kuzungusha chochote ili picha ikae sawa. Unasogea wewe mwenyewe, mbele na nyuma, hadi kitu kiwe kikali. Na sehemu inayotoka kali ni nyembamba mno, haifiki nusu milimita. Ukivuta pumzi umeipoteza.

Mbele ya flashi nilifunga kipande cheupe cha jerikeni ili mwanga usipige kwa ukali. Bila hicho, kila mdudu mwenye mgongo unaong'aa hutoka na doa jeupe linaloua picha nzima.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua za Aprili. Mawingu ya visubi wa ziwani yalikuwa yameingia mtaani usiku, yale yanayoinuka juu ya Ziwa Victoria kama moshi, na asubuhi kuta zilikuwa zimejaa madoa ya kijivu. Shangazi alishika ufagio. Nilikuwa nimeshaona kitu karibu na mtungi wa maji, kwenye kivuli.

"Shangazi, niachie ukuta huu mpaka adhuhuri."

"Unataka kupiga picha ukuta?"

"Kuna mgeni juu yake."

Akatazama, akaona kidoa cha kahawia kisichozidi milimita tano. "Buibui," akasema, na ufagio ukaanza kupanda. Nikamwomba tena. Alinitazama namna anavyomtazama mtoto mwenye homa, akaenda kuanza na chumba cha pili.

Buibui yule hakuwa na utando. Alikuwa wa jamii ya warukaji, wale wanaowinda kwa macho na kumrukia windo huku wakiacha nyuma uzi mmoja wa usalama. Nilipiga goti, nikaegemeza kiwiko ukutani, nikasogeza lenzi hadi ikabaki nafasi ya sentimita nne au tano kati yetu. Ndani ya kioo cha kamera palikuwa na giza, kwa sababu tundu la nuru nilikuwa nimelibana. Nikaona kivuli kikisogea. Kisha yule buibui akageuka.

Hili ndilo jambo la warukaji ambalo mpaka leo linanisisimua. Mdudu mwingine ukimkaribia, anakimbia au anajikausha. Huyu anageuka kukutazama. Ana macho manane: manne mbele, na mengine pembeni na nyuma ya kichwa, ya kumjulisha kitu kinachosogea. Yale mawili makubwa ya katikati ndiyo ya kuona umbo na undani. Kioo cha jicho lenyewe hakisogei, kimeshikamana na kichwa. Kinachosogea ni mrija mrefu ulio nyuma yake, ndani ya kichwa, unaozungushwa na misuli. Ukimtazama kwa karibu unaona jicho likibadilika, mara jeusi tititi, mara lenye wekundu wa kahawia, na hapo ndipo unapojua kwamba anakuchunguza.

Na uso wake ulikuwa mwekundu.

Nikapiga. Akasogea. Nikapiga tena, nikarudi nyuma, nikaja upande. Picha nyingi zilitoka na goti kali na macho ya ukungu, au ukuta mkali na buibui wa ukungu. Magoti yangu yaliuma sana. Shangazi alipita mara kadhaa akasema chai inapoa. Halafu mbu mmoja akatua chini kidogo ya mtungi, tumbo limejaa damu, mzito, hata kuruka kwake kulikuwa kwa shida. Buibui akaacha kunitazama mimi. Alishuka polepole, akazunguka, akakaribia kutoka nyuma. Sikuona mruko. Niliona tu kwamba mbu alikuwa pale na sasa yumo mikononi mwa buibui, na nikabonyeza.

Jioni nikafungua laptopu ya binamu yangu juu ya mkeka, Shangazi akiwa anasuka. Nilianza na picha ile ya uso mtupu, aliponigeukia mara ya kwanza. Shangazi alivaa miwani yake. Hakusema kitu kwa muda, kisha akavuta laptopu ikawa mapajani pake.

"Huyu ndiye yule wa ukutani?"

"Ndiye."

"Ananiangalia mimi."

Nikamwonyesha ya pili, ile ya mbu. Hapo nikamweleza niliyokuwa nimesoma. Kuna buibui mrukaji anayepatikana ukanda wa Ziwa Victoria, huku kwetu na upande wa Kenya, wataalamu wanamwita Evarcha culicivora. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Mbita, kwenye ukingo wa ziwa upande wa Kenya, walitangaza kwamba buibui huyu anapenda kuliko chakula kingine chochote mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Yeye mwenyewe hana mdomo wa kutoboa ngozi ya mtu, kwa hiyo damu anaipata kwa njia ya mbu. Anakula pia visubi wa ziwani, maana ndio waliojaa, lakini akipewa nafasi ya kuchagua anamchagua mbu mwenye damu. Wadogo wao wanawatambua hata mbu wa malaria kwa jinsi wanavyokaa, mkia juu. Na mwaka 2011 jaribio jingine lilionyesha kwamba anavutwa na harufu ya binadamu; walitumia soksi zilizovaliwa.

Shangazi aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo huja ndani kwa sababu yetu?"

"Kwa sababu yetu na ya mbu wetu."

Akakaa kimya. Kisha akasema habari za Sura ya Al-Ankabut, aya inayosema nyumba iliyo dhaifu kupita zote ni nyumba ya buibui, na habari za buibui wa pango la Thaur, alimojificha Mtume, ambazo kila mtoto aliyepita madrasa amezisikia. Nikamwambia huyu hategi utando wa kunasia. "Basi yeye nyumba yake ni hii yetu," akasema, na akainua macho kuutazama ukuta alioupangusa mchana, wote isipokuwa sehemu ile ya mtungi.

Nilidhani mazungumzo yameishia hapo. Lakini Shangazi alichukua ujiti wa ukindu, akaanza kuhesabu kwenye kioo cha laptopu. Alihesabu macho. Alihesabu mistari ya manyoya meupe yaliyoyazunguka. Alipima, kwa upana wa kidole, jicho kubwa ni mara ngapi ya jicho dogo. Mimi nilikuwa nimeitazama picha ile kwa saa nzima na nilijivunia ukali wake. Sikuwa nimeona kwamba manyoya ya juu ya macho yamelala upande mmoja na ya chini upande mwingine. Yeye aliona mara moja, kwa sababu macho yake yalikuwa yanatafuta pa kupitishia sindano.

"Nitolee kwenye karatasi," akasema. "Kubwa."

Studio ikanitolea. Aliibandika ukutani juu ya mkeka wake.

Tabaga huanza katikati. Msuko unazaliwa kwenye kitovu na kuzunguka kwenda nje, duara juu ya duara, na rangi haziwezi kuingia popote unapotaka, lazima uzisubiri zifike zamu yake. Uso una macho mawili makubwa, na kitovu ni kimoja. Nilimwona Shangazi akifumua na kuanza upya. Wazo la kuuweka uso kama ulivyo aliliacha. Kitovu akakifanya chekundu kabisa, tumbo la damu, akasema. Kulizunguka akapanga macho manane, mawili makubwa yakitazamana na anayeinua kawa, mengine yakipungua kulingana na alivyoyapima. Miguu aliikataa. "Miguu ndiyo inayowatisha watu. Macho yanatosha."

Katika kila jicho jeusi aliweka kipande cheupe, cha pembe nne, upande wa juu kushoto.

Nikamwambia, "Shangazi, hicho cheupe si cha buibui. Ni jerikeni langu. Ni mwanga wa flashi unaojiona kwenye jicho lake."

"Najua si chake," akajibu bila kuinua uso. "Ukikitoa, jicho limekufa."

Nilikuwa nimefanya kazi studio kwa muda mrefu, nimewapiga maharusi wengi, na hakuna aliyewahi kunieleza mwanga wa jicho kwa maneno hayo. Tangu siku ile sipigi picha ya kiumbe chochote, awe bibi harusi au kereng'ende, kabla sijajua mwanga wangu utakaa wapi kwenye jicho.

Katika siku hizo za kusuka nilimsimulia habari za Maria Sibylla Merian, mwanamke aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647, akasafiri mwaka 1699 hadi Suriname, Amerika ya Kusini, kwenda kuchora vipepeo na viwavi wakiwa hai, juu ya mimea wanayokula. Katika zama zake wengi walichora wadudu wakiwa wamekufa na kuchomwa pini.

"Alikwenda na nani?"

"Na binti yake."

Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamwita binti yake mdogo aje kushika ukindu.

Tabaga lilimalizika kabla ya harusi ya mpwa wetu kule Bombo, mji wenye Wanubi wengi. Lilipelekwa pamoja na mengine, likawekwa juu ya sinia ya kisra, mikate yetu myembamba. Wanawake wa Bombo wanajua kazi, hawasifu ovyo. Mmoja wao, mzee kuliko Shangazi, aliligeuza, akapitisha kidole kwenye kingo, akauliza hilo ni ua gani, maana halijui.

"Si ua, dada. Ni mla mbu."

Ikabidi nitoe simu na kuonyesha picha. Ilizunguka mkeka mzima, kutoka mkono hadi mkono. Wengine walishtuka na kurudisha simu haraka. Wengine waliikuza kwa vidole viwili wakaanza kuhesabu kama Shangazi alivyohesabu. Yule mzee aliagiza la kwake, akataka kitovu kiwe cha njano. Shangazi akakataa rangi hiyo. Walibishana kwa Kinubi mpaka chakula kikafunuliwa, na mwishowe wakakubaliana na rangi ya machungwa.

Njiani kurudi Jinja, kwenye teksi iliyojaa, Shangazi alikuwa na kazi mpya ya kunipa. Alitaka mbu. Si mbu yeyote, alitaka yule wa malaria, anayekaa mkia juu, na alitaka bawa lake lionekane, kwa sababu kwenye picha ya pili alikuwa ameona kwamba bawa lina madoa meusi na meupe yanayofuatana ukingoni.

"Huo ni ukingo wa tabaga tayari," akasema. "Nipigie, nijue yako mangapi."

Wiki iliyofuata, nilipofika Walukuba na kamera, ukindu mweusi ulikuwa umeshachemshwa na kuanikwa uani, na ukuta wa karibu na mtungi haukuwa umeguswa na ufagio.