Anaitika?

Jana umeme ulikatika tangu saa nane mchana, na jirani akatoa pasi yake ya mkaa uani anyooshe sare za watoto. Nguo zilikuwa bado na unyevu. Ile harufu ya pamba mbichi ikikutana na chuma cha moto ilipanda mpaka dirishani kwangu, nikaacha mchicha niliokuwa nachambua, nikakaa. Nikawa niko Tanga tena, masika, mwanangu Rashidi ana wiki tatu.

Masika ile haikupumua. Nepi za taulo nilizotoka nazo Dar, dazeni mbili nyeupe, zilitosha siku moja na nusu tu, kisha zikawa zinaning'inia ukumbini siku ya pili, ya tatu, nzito, zinanuka uvundo. Bibi alizitazama, akaingia chumbani kwake, akatoka na kanga kuukuu. Anang'ata pindo kwa meno, mikono inamalizia: chaaa. Kanga iliyofuliwa miaka kumi ni laini kuliko taulo lolote la dukani, na ukiikamua vizuri hukauka kwa upepo tu. Moja ilikuwa na maneno NANI KAMA MAMA. Ilipochanwa, winda moja likasomeka NANI KA, jingine MA MAMA. Hilo la pili ndilo nililopenda kumfunga.

Nilifundishwa kufua upya, mimi niliyefua tangu nina miaka saba. Za choo ndoo yake, za mkojo ndoo yake. Kusuuza mara tatu, mpaka maji yanayotoka yafanane na yaliyoingia, maana sabuni ikibaki kwenye kitambaa nayo inamchubua mtoto. Halafu pasi, pande zote mbili, mpaka kwenye mapindo, kwa sababu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake akiingia kwenye ngozi ya mtoto panavimba kama jipu. Jioni nzima nyumba ilinuka mkaa na mvuke.

Lakini kwa bibi, winda lilikuwa la usingizi na la safari. "Mume wangu huyu ana akili zake," alikuwa akiniambia. "Nyie ndio mnamfundisha kukaa na mkojo." Rashidi akiamka, akimaliza kunyonya, bibi anakaa chini, anainyoosha miguu, anamweka katikati ya mapaja, mgongo wa mtoto umeegemea tumbo lake, anamnyanyua magoti kidogo, kisha: shuuu. Mtoto anakojoa. Anabusiwa, anarudishwa kwangu anyonye. Bibi ni Mdigo, na kwao hili si jambo la ajabu. Ndivyo alivyolea watoto wake saba.

Mimi lilinishinda. Siku kumi nzima nilimweka hivyo hivyo, nikatoa sauti hiyo hiyo, akalia, akanikojolea nikimfunga winda. Nililia pia. Bibi akasema nisitazame saa, nimtazame mtoto: akiachia titi ghafla, akatulia, macho yakasimama, ananiambia.

Ilikuwa saa tisa usiku. Mvua inapiga bati, kibatari kimewashwa, mama na bibi wamelala chumba cha pili. Rashidi alikuwa ananyonya vizuri, mkono wake umeshika kidole changu, mara akaachia. Hakulia. Alitulia tu, akanitazama, na tumbo lake nililolishika kwa kiganja likakaza kidogo. Sikufikiri. Nilifungua fundo, nikavuta beseni la bati kwa mguu, nikakaa sakafuni nimemwegemeza kwangu. Kichwa chake kilikuwa na joto chini ya kidevu changu. Nikasema shuuu, lakini mvua ilikuwa kubwa, sikujisikia mwenyewe, nikadhani naye hasikii. Nikaendelea. Mguu mmoja ulianza kufa ganzi. Kisha nikahisi mwili wake wote ukilegea mikononi mwangu, na ndani ya kelele ile ya mvua nikasikia sauti nyingine, nyembamba, kwenye bati la beseni.

Nilibaki nimekaa pale baada ya kumaliza. Winda lilikuwa kavu begani kwangu. Kutoka chumba cha pili bibi akauliza, "Kaitika?" Kumbe alikuwa macho. "Kaitika, bibi." Akasema alhamdulillahi, akageuka kulala.

Likizo ya uzazi ni siku 84, na mimi nilianza kuzila wiki mbili kabla ya kujifungua. Rashidi alipofika wiki kumi, akiwa anatumia mawinda manne tu kwa siku, tukapanda basi kurudi Dar. Ghorofa ya pili, kibaraza kisichopata jua. Dada wa kunisaidia nilimwonyesha jioni moja tu, nimechoka, mtoto naye amechoka. Wiki iliyofuata tukawa tunanunua pampasi. Alipofika miezi mitano nilimshika nikasema shuuu; akageuza shingo akanichekea, basi.

Rashidi ana miaka mitatu tayari nilipokutana na utafiti wa 1977 uliochapishwa katika jarida la Marekani, Pediatrics, wa akina deVries walioishi na Wadigo. Waliandika kwamba mafunzo huanza wiki za mwanzo, na mtoto huwa mkavu usiku na mchana akifika miezi mitano au sita. Nilisoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimehangaika naye kwenye poti miezi mitano, yeye analia, mimi nasihi.

Bibi alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. "Mume wangu hajambo?" Hajambo, bibi. "Anaitika?" Anaitika. Nilimjibu hivyo mpaka vuli ya mwaka ule, alipofariki. Ijumaa ya mwisho aliniuliza kama zile kanga zimeshachakaa, anichanie nyingine. Nikamwambia bado nzima kabisa. Hilo lilikuwa kweli. Zilikuwa chini ya kabati, zimekunjwa, zimepigwa pasi pande zote mbili.