Vigae vya sebuleni: hesabu kwanza, fundi baadaye

Chukua sebule ya mita 4 kwa 3, yaani mita za mraba 12. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 kinafunika 0.36, na boksi la vigae vinne 1.44. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika: unahitaji maboksi 10. Nunua yote siku moja na ukague namba ya toleo kwenye kila boksi, kwa sababu toleo jingine rangi hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana sana vigae vikishalazwa.

Fundi usimpime kwa picha za simuni. Mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyomaliza, kisha gonga vigae kwa sarafu, hasa pembeni. Mlio wa uwazi maana yake gundi iliwekwa kwa madonge matano, chini kukabaki hewa. Mguu wa kabati ukikaa hapo, kigae kinapasuka. Gundi isambazwe sakafu nzima kwa mwiko wenye meno. Mfuko wa kilo 20 hutosha takriban mita za mraba 4 hadi 5, kwa hiyo akikuambia mfuko mmoja unatosha sebule hiyo, tafuta mwingine.

Bafuni, mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Mwaga ndoo ya maji hapo kabla vigae havijalazwa, uone kama yanatuama.

Malipo yaendane na kazi, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka graut, yaani saruji ya kujaza mianya kati ya vigae, ikauke ndipo ugonge tena.